Mama kwenye Theluthi ya Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Vichwa, vichwa, vichwa. Kutwa nzima. Kaa hapa, nyanyua kidevu, masikio yaonekane, usicheke — haya, mwingine! Picha za paspoti. Kazi hii hata mbuzi akifundishwa anaiweza, mradi awe na kwato ya kubonyezea. Bosi eti ananisifia kwamba nina mkono mzuri. Mkono wa nini? Ukuta ni uleule, taa ileile, kiti kimegongomelewa sakafuni kwa misumari ili nisije nikapata wazo.

Nimejiandikisha kozi ya jioni. Utunzi wa picha — yaani namna ya kupanga vitu ndani ya picha mpaka mtu akiiona asimame. Ukumbi uko juu ya duka la mapazia. Mwisho wa kozi kuna maonyesho, na mhariri wa picha wa gazeti atakuja kuchagua mtu mmoja wa kumwajiri. Mmoja! Lazima niwe mimi. Nikikaa studio mwaka mwingine nitaanza kuwaona hata ndugu zangu wana ukuta mweupe nyuma yao.

Nimemwambia mama. Amefurahi mpaka amepiga makofi. Wifi, mke wa kaka, kauliza kama kozi yenyewe ina cheti. Mtu wa vyeti huyo!

Alhamisi, 7 Machi

Kozi imeanza. Mwalimu amejiviringa skafu shingoni, joto hili! Akitamka neno “theluthi” anafumba macho kama anaonja mchuzi. Nimembatiza Bwana Theluthi.

Somo lenyewe: chora mistari miwili ya kusimama na miwili ya kulala juu ya picha, kichwani mwako. Mtu usimweke katikati. Mweke pale mistari inapokutana, kushoto au kulia. Katikati ni kwa maiti na wahalifu, anasema. Darasa zima likaandika. Kuna mmoja kaandika hata “maiti na wahalifu” na kupigia mstari.

Nao hao wanafunzi! Aliye mbele yangu ana lenzi ndefu kama bomba la jiko, ya kupigia simba, na kutwa anapiga maua ya plastiki yaliyo kwenye meza ya mwalimu. Lenzi Ndefu, basi. Ameniuliza kamera yangu ni ya mwaka gani, kwa sauti ile ya kumuulizia mgonjwa hali.

Kinachoniudhi ni kwamba kanuni inafanya kazi. Nimemjaribishia mlinzi wa mlangoni wakati wa kutoka. Katikati alikuwa mlinzi tu. Kushoto, na lami yote ile tupu kulia kwake, akawa mtu anayesubiri kitu. Bwana Theluthi ni mpuuzi mwenye neno moja la maana.

Jumamosi, 9 Machi

Siku nzima nyumbani na kamera. Nimempata mtu wangu — mama! Nilikuwa nahangaika nini? Uso ule, mikunjo ile, na dirisha la sebuleni linalotoa mwanga wa pembeni asubuhi. Tena siku hizi anakaa tu. Cherehani ameifunika tangu msimu wa baridi. Aliyewashonea nguo mtaa mzima leo anasema amechoka na sindano. Basi anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, ametulia. Mteja wa paspoti hatulii hivyo hata umlipe.

Tatizo ni chumba. Vitu vimejazana kama ghala. Nikasogeza kigoda, nikasogeza meza ndogo mpaka mlangoni, kiti cha pili nikakitoa kabisa. Sasa ukuta unapumua! Nafasi tupu, mwalimu anaiita. Nimepiga nyingi. Nzuri kiasi.

Mama akajimiminia chai, nusu ikaenda kwenye sahani. “Mama, kikombe hicho hapo!” Akacheka. Akasema akili yake ilikuwa mbali.

Nimerudi kutoka dukani nakuta kigoda mahali pake, meza mahali pake, kiti mahali pake. Wifi! Mwanamke ambaye kwenye simu yake kuna picha mia za familia, wote wamepangwa katikati kama viazi sokoni, na kidole chake kwenye kona. Huyo ndiye anayenirekebishia chumba.

Jumanne, 12 Machi

Leo darasani: mistari ya kuongoza jicho. Reli, ukingo wa ukuta, kivuli, chochote kinachomshika mtazamaji mkono na kumpeleka kwa mhusika. Lenzi Ndefu akauliza kama mstari lazima uwe umenyooka. Jamani.

Asubuhi nilikuwa nimelaza mkeka kwa mshazari kuelekea kiti cha mama, na kigoda nikakiweka mwisho wa mkeka. Mstari safi kabisa. Jioni narudi — umekunjwa! Nikamfuata wifi jikoni. Nikamuuliza kama mikono inamuwasha. Akaendelea kuosha vyombo. Akasema vitu vya mama viachwe vilipo. Nikamwambia hapa ni kwa mama yangu, kabla hajaolewa yeye nilikuwa nachezea sebule hiyohiyo. Akasuuza sahani. Kisha: “Muulize mama mwenyewe kwa nini narudisha.”

Nikaenda kumuuliza. Mama kajipapasa goti. Akasema wifi yangu ni mtu wa mpangilio, tumvumilie, mume mwenyewe yuko safarini na lori mwezi wa pili huu. Basi! Ndiyo siri kubwa hiyo. Mwanamke amechoka kumsubiri mume, anajiliwaza na vigoda.

Jumamosi, 16 Machi

NIMEIPATA.

Sijui nianzie wapi. Wifi alikuwa ametoka, heri yangu. Nikaondoa kila kitu. Mama kwenye theluthi ya kushoto, mwanga wa dirisha shavuni, kulia ukuta mtupu wote. Nikamwambia niko hapa, nikampiga picha nikiwa nimesimama mbele yake. Ovyo — picha ya kitambulisho. Nikavua viatu, nikapanda juu ya meza pembeni, polepole, nisimvuruge. Hapo ndipo alipofanya kile kitu. Hakunitazama mimi, hakuitazama kamera. Alitazama pembeni kidogo, mbali, na kitu kama tabasamu ambacho hakijafika. Nikabonyeza.

Macho yale! Nimeyatazama kwenye skrini ya kamera mpaka betri ikaanza kulia. Mwaka mzima nimewaambia watu “tazama hapa, tazama hapa”, kumbe uzuri wote ulikuwa kwa asiyetazama. Nimeitoa rangi, nimeifanya nyeusi na nyeupe, ikazidi kuwa kali.

Nikamwambia mama utatundikwa ukutani, watu watakuja kukuona. Akauliza tarehe. Nikamwambia tarehe ishirini na sita. Akasema vizuri, hiyo si mbali. Akasema mara mbili.

Wifi karudi, kaona chumba. Akarudisha kiti, meza, kigoda, akichukua kimoja kimoja. Mtazameni! Angekuwa na bidii hiyo katika kupika, tungenenepa.

Alhamisi, 21 Machi

Ushindi mtupu!

Bwana Theluthi ameiweka picha yangu kwenye turubai la projekta mbele ya darasa, akavua skafu. Naapa. Kisha akaanza: macho yasiyotua popote, mama anayeitazama milele, sijui ukimya unaozungumza. Upuuzi mtupu, lakini upuuzi unaonihusu mimi, kwa hiyo nikasikiliza hadi mwisho. Lenzi Ndefu alikuwa na uso wa mtu aliyeng'ata ndimu. Akauliza nilimwelekezaje mhusika. Nikamjibu: sikumwelekeza, nilimwona.

Itatundikwa ukuta wa kwanza, unapoingia tu. Mwalimu amenong'ona kwamba mhariri ataipenda. Anataka moja zaidi ya mama, ya kuweka kando yake. Fremu ndani ya fremu: mama akiwa ndani ya mlango, mlango ndani ya picha.

Bosi nimemwomba ruhusa ya Jumanne. Akauliza nani atapiga vichwa. Nikasema mbuzi. Hakuelewa.

Jumamosi, 23 Machi

Mama ameanguka.

Niandike kwa mpangilio. Wifi alikuwa sokoni. Nilitaka ile ya mlangoni. Nikavuta meza ndogo mpaka kwenye korido ili ukingo wake uongoze jicho hadi mlangoni, nikaweka kigoda upande wa pili ili picha ipate uzito sawa pande zote. Ilikaa vizuri sana, hiyo ndiyo inayonichoma — ilikaa vizuri! Betri ikaisha. Nikaenda chumbani kuchukua nyingine, nikamwambia mama asubiri hapohapo. Hakusubiri. Alisema baadaye alitaka kujiweka tayari mlangoni ili nisipoteze mwanga.

Nilisikia meza, halafu yeye.

Kifundo cha mkono kimevimba, paji la uso limechubuka. Nikamkuta sakafuni anapapasa mguu wa meza, anauliza: “Hii ni nini? Hii ni nini hapa?” Nikamwambia ni meza, mama, si unaiona?

Wifi akafika na kikapu. Akakitupa. Nyanya zikasambaa sebule nzima. Akapiga magoti mbele ya mama, uso kwa uso, akamshika mashavu, akamwambia niko hapa, mimi hapa. Kisha akanigeukia. Sijawahi kumsikia akipaza sauti tangu aolewe. Eti mama haoni! Eti nimekuwa nikimtegea mitego kwenye nyumba aliyoikariri kwa miguu, na yeye kazi yake kutegua! “Una kamera ya kumkaribia mpaka kwenye kope, wifi. Ulikuwa unaangalia nini?”

Zahanati wamemfunga mkono. Haukuvunjika. Muuguzi kauliza ilikuwaje, nikajibu bila aibu: kajikwaa kwenye meza.

Jumapili, 24 Machi

Nimekaa na mama asubuhi yote. Sikugusa kamera.

Anasema ilianzia pembeni. Kwanza aligonga milango kwa bega. Kisha sindano ikamkataa, akaifunika cherehani kabla hatujagundua. Wifi aligundua kwa sababu ya nyanya kwenye ubao: aliona mama anakata karibu na kidole, akampokonya kisu. Akaapishwa asiseme. Tangu hapo anatutambua kwa hatua. Za wifi zinaburuzika, za kaka nzito. Zangu? Akacheka: “Wewe huwa unatembea halafu unasimama, unatembea halafu unasimama, kama mtu anayepima nguo.”

Nikamuuliza kwa nini usiniambie MIMI. Jibu lake naliandika kama lilivyo, nilisome siku nikijiona bingwa: “Ungeacha kozi, mwanangu. Na tena, ulikuwa unakaa na mimi kutwa. Lini umewahi kukaa na mimi kutwa?”

Haikuishia hapo. Wifi alishambembeleza wiki nyingi aende kwa daktari wa macho. Mama anaogopa kisu cha jichoni, nani haogopi? Mwishowe alikubali, kwa sharti: baada ya maonyesho. Asije akafungwa bandeji siku yangu. Ndiyo maana aliuliza tarehe. Akasema hiyo si mbali! Jicho lilikuwa linangoja ukuta wa Bwana Theluthi.

Wifi anasema alikosea kukubali. Yeye! Ndiye anayesema alikosea. Nilitaka kumwambia kitu, nikaishia kumuuliza kama kuna chai.

Jumatatu, 25 Machi

Kliniki ya macho. Foleni ndefu, benchi la chuma, ukutani bango la mwanamke anayecheka na miwani. Amewekwa theluthi ya kulia. Nimeona hilo kabla sijaona mlango wa daktari. Kuna kitu kimeharibika kichwani mwangu.

Daktari ni msichana, naweza kuwa dada yake mkubwa. Presha ya macho, anasema. Si ile ya damu, ya ndani ya jicho lenyewe. Inaua taratibu, bila maumivu, kuanzia kando. La kulia limekwisha. La kushoto limebaki kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kuokolewa, ila upasuaji ufanyike haraka. Kesho asubuhi. Na hatoi ahadi. Akamtazama mama, akatutazama sisi, akauliza kwa nini mmechelewa. Wifi akafungua mdomo. Nikamwahi. Nikasema ni mimi.

Kisha akatufundisha namna ya kukaa naye. Usimjie kwa pembeni, pembeni hakuna kitu. Ukitaka akuone, simama mbele yake, katikati kabisa, karibu. Nikamwona wifi anatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za jana. Hivyo ndivyo alivyokuwa anamjia mama miezi yote hii. Mimi nilikuwa nasema anamsonga.

Mchana mwalimu akanipigia. Mhariri anakuja kesho saa nne, nisimame kando ya picha yangu, nivae nguo nyeusi. Nikamwambia kesho mama anapasuliwa jicho. Nikamwambia haoni, kwamba macho yale hayakuwa yanatazama milele yoyote. Akakohoa. Nikadhani amepata aibu. Thubutu! Akasema: “Lakini hilo ndilo linaloipa nguvu! Tuandike chini yake.” Tayari ana neno. “Upofu.” Neno moja tu, herufi ndogo, anasema, upande wa kulia chini, lisishindane na uso.

Nimekutana na wajinga wengi kwenye kazi hii. Mtu aliyetaka nimwondolee mkewe kwenye picha ya arusi. Mtu aliyerudisha picha ya paspoti kwa sababu hakutabasamu. Wote walikuwa malaika. Nikamwambia aitoe picha yangu ukutani, atundike skafu.

Akasema nifikirie hadi asubuhi, kazi kama ile haiji mara mbili. Hapo ndipo ninapojichukia, kwa sababu nimefikiria. Nimekaa na bakuli la uji mbele yangu, nimewaza mhariri, nimewaza kile kiti chenye misumari. Uji ukapoa. Mama akauliza mbona nimenyamaza. Nikasema nimechoka. Familia ya watu waliochoka!

Jumanne, 26 Machi

Naandika kwenye korido ya hospitali, daftari juu ya goti. Nisipoandika nitamrukia mtu.

Tumefika mapema. Mama katikati yetu, mkono wa bandeji juu ya paja. Wifi upande wake, mimi upande wangu. Halafu nikakumbuka, nikatoka kwenye benchi, nikachuchumaa mbele yake. Akanitafuta kidogo, akanipata. Akasema: “Haa, umekonda.” Sijui nilipata wapi nguvu ya kucheka.

Nikamweleza yote. Maonyesho, ukuta wa kwanza, lile neno la mwalimu. Nikamwambia nitapiga simu sasa hivi waitoe. Nilidhani atanishukuru. Akakunja uso. Akauliza kwani ni picha yangu au yake. Nikasema ya wote wawili. “Basi sijaamua,” akasema. “Mtu haamui kitu ambacho hajakiona. Niambie kwanza. Nimetokaje?”

Nikaanza. Upo kushoto, mama, dirisha linakupa mwanga shavuni, na kulia —

“Sikuuliza nimekaa wapi. Najua nilikokaa, kiti ni changu. Nimetokaje mimi?”

Nikafungua zipu ya mkoba, nikaifunga tena.

“Nilivaa ile ya zambarau,” akasema. “Ya mwisho kuishona kwa mkono wangu. Nilikuvalia wewe. Imetoka vizuri?”

Zambarau. Nilimkodolea macho kwa lenzi asubuhi nzima, na sikujua kama alivaa zambarau au gunia. Kwenye picha ni kijivu. Mimi ndiye niliyeifanya kijivu! Wifi akageuza uso upande wa dirisha. Angeweza kunimaliza kwa neno moja, hakulisema.

Nikatoa kamera kwenye mkoba. Nikaifungua ile picha, ya asili, yenye rangi. Nguo ya zambarau, kola imeshonwa kwa mkono, kifungo kimoja kimepitishwa tundu si lake. Kisha nikavuta uso karibu. Si mwanga, si kivuli. Uso.

Hakuwa anatazama mbali. Alikuwa anatazama pale niliposimama mwanzo, kabla sijavua viatu na kuhama. Nilimwambia niko hapa, akaamini. Lile nililoliita tabasamu ambalo halijafika, lilikuwa limefika kitambo. Alikuwa ananichekea mimi. Mimi sikuwepo.

“Mbona kimya?” akauliza mama. “Nimezeeka kiasi hicho?”

Nikafungua mdomo. Mlango ukafunguka, nesi akamwita. Wifi akamwinua. Mama akanyoosha mkono mzima kunitafuta, nikaudaka, akauminya. Akasema akitoka nimjibu, na nisimdanganye, na ile simu nisipige mpaka nimemjibu. Kisha wakampitisha.

Simu inatetemeka mfukoni. Ni mwalimu, mara ya tatu sasa. Saa nne imefika. Wifi ameomba aione picha, nikampa kamera. Anaitazama muda mrefu. Mlango bado umefungwa, taa nyekundu juu yake inawaka, na mimi najaribu maneno kimyakimya, moja moja, ya kumwambia mama ametokaje. Bado sijapata hata moja.